Soli ya Kushoto

Tulitoka Kimilili saa kumi alfajiri,
watu tisa, sufuria tatu na kreti ya mayai
ambayo shemeji Khaemba aliipakata kama kichanga
hadi Endebess, lisivunjike hata moja,
kisha akaikalia pale langoni akifunga kamba za viatu.

"Kwetu huu ni Masaba," akasema shangazi Nasambu.
"Kwetu ni Tulwop Kony," akajibu Ndiwa,
aliyelala kitanda cha juu yangu miaka miwili chuo cha ualimu
na bado ananidai blanketi.
Mlima haukuingilia.
Ulikuwa umejifunika ukungu hadi kidevuni
kama mtu asiyetaka kuamshwa na wageni.

Pangoni Ndiwa alituonyesha michirizo ukutani:
tembo huja usiku, huchimba chumvi kwa pembe, gizani,
mama mbele, ndama kashika mkia.
Nelima akapitisha kidole, akakilamba kabla sijamkataza.
"Kumbe hata tembo hawapendi mboga chapwa!"
Popo wakaguna juu yetu.
Tukatoka mbio, watu wazima tukiwa wa kwanza.

Siku ya pili tukaipita mianzi,
tukaingia kwenye nyasi za mashuke ya fedha
na mimea mirefu kuniliko, yenye manyoya kifuani,
ambayo walimu wawili wa sayansi
hawakuijua jina, wakasingizia mtaala.

Pumzi ikawa ya kukopa.
Aliyekuwa akiimba akanyamaza,
aliyekuwa kimya akaanza kuhesabu hatua kwa sauti,
na kiatu cha kushoto cha Nelima kikafungua mdomo,
kikasema pwata,
pwata,
pwata,
hadi shangazi akasimama, akachana leso yake.
*Mvumilivu* akaenda na mguu wa mtoto,
*hula mbivu* ikabaki kiunoni mwa shangazi.

Koitoboss alikuwa mbele yetu, mweusi, mabega wazi.
Nikainama kunywa maji.
Nilipoinua kichwa hayupo.
Wingu lilikuwa limeingia bila hodi
na Ndiwa alikuwa ameinua mkono: "Tunarudi."

Nilitaka kubisha.
Nilikuwa nimeweka akiba tangu Aprili,
nimekopa mahema, nimewatambia wenzangu stafurumu.
Kilele ni mwendo wa saa moja tu!
Nikageuka kutafuta wa kuniunga mkono,
nikamwona mke wangu amechuchumaa,
vidole vya Nelima ameviweka kwapani mwake,
anavipasha moto, hasemi neno.

Basi.

Tukakaa juu ya jiwe, migongo imegusana,
tukala mayai saba yaliyonusurika,
watu tisa, kila mmoja akijifanya ameshiba.
Nelima akachomeka kijiti ufani.
"Hapa ndipo juu," akatangaza.
Hakuna aliyembishia,
hata mimi, ninayefundisha jiografia.

Usiku Khaemba alikoroma kwa lugha tatu.
Asubuhi maji ya sufuria yalikuwa yameganda,
watoto wakayavunja kwa mwiko
wakayatafuna kama biskuti za kioo,
na mama zao wakasahau kuwagombeza
kwa kuwa nao walikuwa na vipande mashavuni.

Tukishuka mianzini, kitambaa kilifunguka.
Soli ikaenda zake, hatukuiona tena.
Nilimbeba Nelima mgongoni hadi langoni,
naye akinisifu masikioni kama mtu asifuye punda.

Sasa ni Jumatatu, chaki mkononi, magoti yananuna.
Kumekucha bila wingu,
na kutoka dirisha la darasa la tano
mlima umesimama wote, hadi utosini,
bila haya, kama haukutufanyia kitu.
Watoto wanauliza: "Mwalimu, mlifika?"
Nafungua mdomo nitafute jibu la mtu mzima,
lakini dawati la tatu, mwenye malapa, kashainuka,
kidole chake kimenyooka kioo kizima:

"Soli yangu iko pale. Bado inapanda."