Mdomo na Jicho

Kompyuta ya dukani kwangu, Barabara ya Kumi na Tatu,
ina umri wa mwanangu wa pili na pumzi ya mgonjwa wa pumu.
Viendelezi viwili kwa pamoja haivibebi;
nilijaribu, ikaganda saa nzima
na fomu ya mkopo ya kijana wa watu katikati.
Basi ni kimoja. Nichague.

Cha kwanza huziba mdomo:
matangazo ya kubeti, ya mikopo ya dakika tano,
ya dawa za kukata tumbo,
yote kimya, kama darasa alipoingia mkuu.
Cha pili hufumba jicho:
hakijali nani anapiga kelele,
kinashughulika na wale wanaotufuata
ukurasa hadi ukurasa, wakiandika.

Mwezi wa Sita nilichagua mdomo.
Nani asingechagua? Bando langu
lililiwa na video za watu wanaocheza
kabla mteja hajaona matokeo ya mtoto wake.
Nikaziba. Ukurasa mweupe kama shuka iliyoanuliwa.
Mzee Kihiyo, amekuja kuchapa risala, akauliza,
"Mtandao umekufa?"

Alhamisi akaja Bi Mwantumu Shekiondo,
muuza vitenge wa Mgandini.
Simu anayo, nzuri kuliko yangu,
ila ni simu ya nyumba nzima:
wajukuu huichezea, mkwe huiazima.
Akafungua barua pepe achape karatasi ya Bombo,
kisha kwa kidole kimoja, herufi moja moja,
akaandika jambo, nami nikageuka kuhesabu rimu
nilizokwisha kuzihesabu.
Uvimbe. Titi. Bila maumivu.

Kwangu hakikutokea kitu.
Usiku ule, sebuleni kwake,
mkwe kaazima simu atazame mpira,
na simu, bila kuulizwa, ikamwonyesha
sidiria za waliokatwa titi,
punguzo asilimia ishirini.

Alirudi Jumamosi. Hakunigombeza.
Alisema tu, "Nilikuja kwako kujificha."

Kumbe zile kelele zilikuwa kengele shingoni mwa paka,
nami niliivua kwa mikono yangu
nikaita amani.
Hata hicho kiziba mdomo, nilipokichungulia ndani,
kilikuwa na orodha ya wageni waalikwa,
"matangazo yenye adabu,"
na adabu yenyewe imelipiwa.

Nikakiondoa.
Kabla ya kuweka cha pili nikasoma kile kidirisha,
mara ya kwanza maishani:
kinaomba kusoma na kubadilisha data yako yote
kwenye tovuti zote.
Mlinzi, naye anataka kulala chumbani.
Nilikaa robo saa. Chai ikapoa.
Nikatafuta walioandika ni kina nani, wanakula wapi.
Nikabonyeza, si kwa imani,
kwa kukosa dawa nyingine.

Kisha nikafuta vidakuzi, elfu moja na ushei.
Kwetu Tanga husemwa waja leo, waondoka leo;
hivi vilikuja tangu juzi
na vilikwisha kutandika mikeka.

Sasa kelele zimerudi. Bando linaliwa.
Ila matangazo hayamjui tena anayeyasoma.
Jana yalimnadia Mzee Kihiyo buti za theluji,
yeye na kandambili zake,
baiskeli imeegemea mlango, jua linachoma kiti chake.
Alicheka mpaka akavua miwani.

Na Bi Mwantumu amekuja leo asubuhi.
Sikumwuliza ya Bombo, hakuniambia.
Alipoketi, skrini ikamletea trekta,
jekundu, la farasi sabini,
yeye asiye na hata bustani ya mchicha.
"Trekta," akasema,
akaisoma bei yake hadi senti ya mwisho,
taratibu, kama mtu aliyepishana njiani na asiyemjua
na, kwa mara moja, akashukuru
kwa kutosalimiwa.