Dakika Thelathini na Tano

Februari ni mwezi mfupi, lakini huku Burin
hautaki kwisha. Nilijiandikisha kwa ubishi tu:
nyimbo kumi zenye dakika thelathini na tano,
zitungwe, zirekodiwe, zitiwe kwenye sidii
kabla posta haijafunga siku ya ishirini na nane.
"Wewe?" akasema dada yangu Melina kwenye simu,
akacheka hadi akapaliwa.
Basi nikayavulia maji nguo.
Maji yenyewe barafu.

Mchana kazi yangu ni kuhesabu chumvi,
si ya mchuzi, ya barabara:
tani ngapi zimeingia ghalani, tani ngapi
zimemwagwa mlimani ili magari yasiteleze.
Usiku naingia kabatini.
Ndiyo, kabatini. Sufu hunywa mwangwi.
Nakaa juu ya ndoo, kati ya makoti yangu manne
na koti la mvua ambalo Clarence
hajarudi kulichukua.

Wiki ya kwanza nilipata nyimbo tatu:
mbili mbaya,
na ya tatu ni zile mbili nilizoziunganisha.

Usiku wa tisa nikaigundua friji.
Sikio lina adabu, hujifanya halisikii;
maikrofoni haina haya.
Chini ya kila neno langu, nguruma, nguruma.
Nikaichomoa. Asubuhi maziwa yamechacha.
Nikaichomeka tena, nikaitafuta sauti yake kwenye kinanda:
ni ti, lakini ti iliyolegea kidogo,
kama mtu anayekubali jambo kwa kuchoka.
Nikalegeza nyuzi zote sita za gitaa
mpaka tukaelewana.
(Nimewahi kuishi hivyo na mtu. Haikutoa wimbo.)

Halafu mzee Ambrose Keeping, ghorofa ya juu,
na ufagio wake: ko, ko, ko,
kila saa tano usiku ikipita.
Siku ya kumi na moja niliacha kupigana naye.
Niliupunguza mwendo wa wimbo wa nne
ukaangukia kwenye ko zake.
Siku ya kumi na tano akashuka na soksi,
ufagio mkononi, uso umekunjamana.
"Ule wa nne," akasema, "bado una haraka."
Nikamkaribisha. Nikampa katoni ya viatu aigonge.

Kisha dhoruba. Siku tano.
Umeme ukaenda, ukarudi, ukaenda.
Nililala ghalani juu ya viti viwili,
nikiandika namba za malori kwa glavu.
Bandu bandu huisha gogo, wanasema;
hawakusema shoka likizama kwenye theluji ufanyeje.

Siku ya ishirini na nane, saa kumi kasorobo jioni:
nyimbo tisa.
Dakika thelathini na nne na sekunde nane.
Posta hufunga saa kumi na moja.
"Imba chochote," akasema Ambrose.
Lakini chochote nilikuwa nimekwisha kukiimba,
isipokuwa kile kimoja, na mwezi mzima
nilikuwa nimekikalia kimgongo.
Nikafunga mlango wa kabati. Nikabonyeza.
Nikafungua mdomo,
na friji ikajizima.

Sijawahi kuusikia ule ukimya.
Nilidhani nyumba imesimama ghafla, kama lori.
Sikuimba. Nilipumua tu;
mkono wa koti la mvua ukanisugua bega,
shwaa, na mara nyingine, shwaa.
Sekunde hamsini na tano.
Friji ikakohoa, ikarudi kazini.
Nikauita wa kumi.

Posta, Bi. Hollett alitaka kujaza fomu:
"Thamani ya kilichomo?"
Nikafikiri juu ya maziwa, na malori, na koti.
"Dola mbili," nikasema. "Bei ya sidii tupu."
Akaandika. Akagonga muhuri, mara moja.
Nikabaki pale kaunta,
nikisubiri zile mbili nyingine.