Tanbihi ya Kumi na Saba

Wanafunzi huniuliza kwa nini ushuru,
kwa nini si vita, si katiba, si kura,
kitu chenye moshi.
Nawaambia: fungueni kitabu cha forodha, ukurasa wa nguo kuukuu.
Kiwango kikipanda, mtu Gikomba hulala njaa;
kikishuka, mtu Eneo la Viwanda huvua ovaroli.
Wanaandika. Hawaamini.

Miaka ishirini na mitatu nimesoma kumbukumbu za vikao,
vumbi la karatasi likinichoma pua,
karani Onditi akinihesabia dakika.
Sitafuti kilichosemwa. Natafuta waliohudhuria:
nani alipewa kiti, nani alituma udhuru,
nani hakujua kwamba kuna mkutano.
Nadharia yangu yote, nikiivua joho la maneno makubwa, ni hiyo:
sera humfuata aliyefika mapema.

Baba, Zablon Makokha, aliunga nyuzi zilizokatika
kwenye mitambo ya Barabara ya Lunga Lunga.
Alirudi na pamba nyusini, tukamcheka, mzee kabla ya siku zake.
Mama alikata kamba za marobota alfajiri,
akatenga kamera huku, fagia kule,
kidole chake kikijua sufu na nailoni gizani.
Nyuma ya pazia moja walilala
mfumaji na muuza mitumba.

Kiwanda kilipofungwa, baba alikunja ovaroli mara nne
akaiweka mezani, karibu na sufuria.
Mama hakusema pole. Alimpa koti la mtu wa ng'ambo,
lenye tikiti ya treni mfukoni.
Lilimkaa sawasawa.
Hilo ndilo alilolichukia.

Karo yangu ya muhula uliofuata ilitoka kwenye robota.

Nimepima bei, mishahara, barua kwa waziri.
Kwenye makala yangu ya tatu niliwatia wawili hao
tanbihi ya kumi na saba, bila majina: kaya moja, Makadara.
Mhakiki akaandika pambizoni: Sampuli ndogo mno. Ondoa.

Niliondoa. Nilihitaji cheo.

Leo, hatimaye, nimeomba orodha ya kikao cha mwaka ule.
Onditi ameileta bila kutazama saa.
Majina kumi na moja. Nimeyapitia kwa kidole, kama mama.
Hakuna mfumaji. Hakuna mfungua robota.
Chini kabisa, kwa kalamu ya risasi:
chai, vikombe kumi na viwili.

Kimoja kilipoa,
na hakuna aliyeandika mbele ya kiti cha nani.