Neno la Kumi

Mwaka ule wa kipindupindu
Bwana Afya alipita Kajificheni na ndoo ya chokaa.
Mlango alioutia alama haukufunguliwa
mpaka arudi mwenyewe kuifuta.

Ndipo nilipojua kuwa majirani zetu Mayahudi walikuwa kumi.
Wanaume, yaani. Wanawake na watoto hawamo katika hesabu yao,
na mimi nilikuwa mtoto, tena wa kike, tena wa chuo cha Kurani.

Walisali juu ya duka la Menahemu, muuza vitasa na bawaba.
Hapakuwa na mnara wala kengele. Palikuwa na kabati,
na ndani yake gombo lililovishwa mahameli kama bibi harusi.

Amri ilisema: chumba kimoja, watu watano, wasizidi.
Basi watano wakabaki na gombo,
wawili wakasimama ngazini,
wawili uani, kando ya kisima kilichopigwa misumari.
Sala ikawa inateremka ngazi kwa ngazi
na amina inapanda imechelewa.

Zamani walilibusu gombo; sasa waliliinulia mkono
kama anayeagwa yuko mbali.
Kikombe cha fedha, walichokinywea wote kwa zamu,
kikafungiwa. Kila mtu akaja na chake cha kahawa mfukoni,
na Yihya, kwa ubahili wake, akaja na kifuniko cha chupa.

Hao tisa. Wa kumi, Saadia mpima karafuu,
alikuwa ng'ambo ya njia, nyuma ya chokaa,
mkewe kashachukuliwa kwa machela.
Na pungufu ya kumi, ziko sala hazisaliki,
ya kuwaombea maiti ikiwa mojawapo.

Walibishana wiki nzima, wa juu na wa chini.
Haroni akasema ukuta ni ukuta.
Menahemu akatoa kitabu kilicholiwa pembe na mchwa:
aliye nje, akionesha uso wake dirishani, huhesabiwa.
"Hata ng'ambo ya njia?"
"Hii nayo njia? Punda wawili hawapishani!"

Ila baina ya dirisha na dirisha ilipita kamba yetu,
na kambani kanga ya mama, imeandikwa:
UNANICHUNGULIA UNATAFUTA NINI.

Menahemu alikuja, akasimama hatua sita,
akakieleza kizingiti chetu haja yake.
Mama alicheka mpaka akakaa chini.
Alikuwa hajacheka tangu tumzike Amour,
usiku, watu wanne kwa jeneza.
Tangu siku ile, Jumamosi hatukuanika.

Nikachungulia mimi sasa.
Uso wa Saadia ulijaa dirisha, ndevu kazichana.
Nikaanza: mmoja, wawili, watatu...
Menahemu akanikemea kwa kidole: watu hawahesabiwi.
Bibi yangu naye alikataza hivyohivyo, kuku sawa, watoto hapana.
Wao wana aya ya maneno kumi.
Kila mtu hupewa neno, kutoka chumbani hadi ngazini hadi uani,
na la mwisho lilivuka njia, likaokotwa na Saadia.
Alilisema kwa sauti ya mtu anayetaja uzito wa gunia.
Nikauliza maana yake.
"La tisa ni *mpaka*," akanambia Menahemu. "La kumi ni *milele*."

Jumamosi sita.

Ya saba, dirisha halikufunguliwa.
Mama alikuwa keshaiondoa kanga;
kamba ilikaa tupu, na kibanio kimoja.
Aya ikaanza chumbani, ikashuka ngazi,
ikafika uani, kwa Yihya:
*mpaka*, akasema,
akainua macho.

Wote wakainua macho.
Walikuwa na maiti wa kumuombea,
na aliyewapungukia ni yeye huyo maiti.

Mimi neno nilikuwa nalijua.
Lilinijia mpaka kwenye meno.
Nikalimeza.

Mama hakuuliza kitu.
Alirudi ndani na beseni la nguo mbichi
akaliweka chini, likae hivyohivyo mpaka Jumapili.