Mbacha

Fomu hii aliijenga Badi
ofisi ingali Shimanzi, ghorofa ya pili,
feni moja, kompyuta tatu.
Badi yuko Doha sasa. Msimbo umebaki,
na katikati ya mistari, maneno yake:
“Usiguse hapa. Nitarudi.”

Hakurudi.

Nami nimeambiwa nichague maktaba ya Javaskripti.
Ya kwanza yataka nyumba nzima ivunjwe
ndipo itie mlango.
Ya pili nzuri, wallahi, yang'aa,
ila ukiipakua huja na jamaa mia nne
kama bibi harusi wa Kuze,
na kila jamaa ana mkoba wake.
Ya tatu, kilobaiti chache, haina jina.
Yasema: nionyeshe kitufe kimoja,
mengine tuyaache yalale.

Bi Mwanaesha, dawati la makontena,
anichungulia juu ya miwani:
“Hifadhi mtaihamisha?”
Miaka kumi na mmoja kidole chake
kimekijua kitufe kile
kama ulimi ujuavyo pengo.
“Haihami, bibi.”

Usiku, Tudor hakuna stima,
betri asilimia kumi na tisa,
naitia ile ya tatu kwenye ukurasa mmoja tu,
wa ada za bandari.
Jedwali lajipanga. Ukurasa haukupepesa.

Walitukataza kuuacha mbacha kwa msala upitao;
kuushona hawakukataza.

Nayarudia maneno ya Badi.
Nafuta “Usiguse hapa.”
“Nitarudi” naiacha.