Fundi wa Bawaba

Mlango una bawaba tatu.
Ya juu hubeba uzito, ya chini huzuia kuyumba,
ya katikati, alisema aliyenifunza kazi, ni ya heshima tu.
Mimi huanza na ya heshima.

Hapa Kaptembwo wananijua.
Nusu ya milango ya ploti hizi ni mikono yangu:
saiprasi ya Molo, misumari ya inchi tatu,
rangi ya buluu, kwa kuwa mwaka ule buluu ndiyo iliyokuwa rahisi.
Nilipata sifa kwa kuipachika.
Sasa napata mkate kwa kuing'oa.

Mji ulipopandishwa cheo ukaitwa jiji
tulipiga vigelegele, hata sisi tusioalikwa.
Mwezi ulipoandama, Chesire wa ajenti akapita na karatasi:
chumba cha elfu mbili na mia tano, sasa elfu nne.
Maji yaleyale ya Jumanne na Ijumaa,
choo kilekile, ufunguo mmoja familia kumi na moja.
"Ni jiji," alisema, kama mtu anayekata risiti.

Siku hizi hawabomoi. Kubomoa kuna kelele,
kuna mahakama, kuna vijana na simu zao.
Wananiita mimi na bisibisi yangu.
Mia mbili kwa mlango.
Nyumba isiyo na mlango haimfukuzi mtu;
inaiachia baridi ya Menengai iseme.

Bosibori alidaiwa miezi mitatu.
Alikuwa wa kiwanda cha pareto, kikanyamaza;
akawa wa kufua Milimani,
hadi Milimani wakanunua mashine.
Nilimkuta akikoroga uji.
Hakulia. Hakunitukana, ingekuwa nafuu.
"Lumbasi," alisema, "toa polepole. Una maandishi."

Upande wa ndani, kwa penseli:
Kemunto, Januari. Kemunto, Agosti.
Ontiri, miaka mitatu, kasimama kwa vidole, mwongo huyu.
Watoto walikuwa wakipimwa kimo kwenye ubao wangu
nami sikuwahi kujua.

Nikaanza na ya heshima.

Nilipomaliza alinimiminia kikombe.
Nikanywa.

Stoo ya Chesire iko nyuma ya kinyozi.
Humo milango imeegemeana kama wagonjwa kwenye foleni.
Mmoja una stika ya mgombea aliyeshindwa,
mwingine umeandikwa KARIBU MGENI kwa chaki,
mwingine ungali na kufuli, umefungwa,
unalinda hewa.

Wiki mbili baadaye nikamwona
kwenye baraza la duka la magodoro, karibu na stendi,
wanawe juu ya katoni,
na nyuma ya kioo magodoro yamepangwa hadi dari
chini ya taa isiyozimwa.
Nilivuka nikapita upande wa pili.
Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.
Kesho yake nikapita tena upande wa pili.

Usiku wa tatu nikaazima mkokoteni
na kuchukua ufunguo ambao Chesire hajui ninao.
Mlango wa stoo, unadhani aliutia nani?

Sikumrudishia nyumba. Ningeitoa wapi?
Mimi mwenyewe nadaiwa mwezi na nusu,
na bisibisi haina ndugu.
Nilimrudishia mbao, futi sita na nusu kwa mbili na nusu.
Tukailaza juu ya matofali manne.
Alitaka upande wa penseli uangalie juu.

Kemunto akajinyoosha kando ya jina lake,
kisigino usawa wa chini, kama zamani;
utosi ukapita mstari wa Agosti, vidole viwili.
Mama yake akaanza kupapasa mifukoni mwangu.
Fundi hakosi penseli.

Ontiri alikataa kupanda.
Alisimama pale, kamasi na vumbi la mji huu,
akagonga ubao mara mbili.
"Hodi?"

Kuitikia ni kwa aliye ndani.
Sote tulikuwa nje.