Kipande cha 1,417

Radi ya Novemba ilipiga mlingoti wetu hapa Ipuli saa tisa mchana,
ikashuka na waya hadi stoo ya maabara,
na diski iliyobeba miaka kumi na moja ya mwalimu Nzwala
ikatoa harufu ya sufuria iliyosahauliwa mekoni.
Michoro ya figo kwa penseli, mitihani ya majaribio,
sauti yake akiwasomea kemia wasichana wa bweni,
vyote.
Mwenyewe tulishamzika Urambo mwezi wa sita.

Lakini alikuwa mtu wa kugawa.
Kwenye shada la funguo za stoo aliacha flashi,
ndani yake faili moja, nyepesi kuliko picha ya simu.
Si kazi yake. Ni hati ya kuiulizia.

Seva mpya haina kioo wala kipanya.
Naiongelesha kwa mbali, maandishi meupe juu ya weusi.
sudo, nikaandika. Ikataka neno la siri.
apt install rtorrent. Ikauliza kama nina hakika.
Nikabonyeza N, ya ndiyo.
Ikaacha kazi.
Nikacheka peke yangu kati ya chupa za asidi:
kwake N ni hapana.

Bando la usiku linafunguka saa sita.
Saa saba kasorobo akatokea wa kwanza,
hana jina, namba na nukta tu, ana asilimia arobaini.
Wa pili, sitini na moja.
Wa tatu anakuja na kupotea, kama umeme wa kwao.
Hakuna mwenye kizima.

Kasanzu mlinzi akachungulia na tochi yake.
"Madamu, kinashuka nini?"
"Vitu vya Nzwala."
"Kutoka wapi?"
"Kwa watu."
Hakuuliza zaidi. Babu yake babu yake alibeba pembe hadi pwani;
Unyamwezini tunajua mzigo haufiki kwa kichwa kimoja.

Kila kipande kinapimwa kikifika.
Kikipungua chembe kinatupwa, kinaombwa upya,
kama Mama Mlekwa anavyochovya njiti ya kiberiti kwenye asali
kisha akaiwasha: isiposhika moto, rudi nayo Sikonge.

Saa kumi na dakika ishirini,
tisini na tisa nukta tisa.
Kimebaki kimoja, cha 1,417,
na kati ya wote waliopo hakuna aliye nacho.

Bando likakatika na adhana.
Nikanunua la mchana kwa hela ya mkaa.
Nikaiacha programu ndani ya tmux,
chumba kisichofungwa hata mwenyewe ukitoka,
nikaenda kufundisha asidi na besi, nikakosea mlinganyo ubaoni.

Siku ya tatu akaja mgeni
mwenye asilimia sifuri nukta mbili.
Vipande vinne! Mtu aliyeanza zamani, akachoka,
leo kawasha mashine kwa shida zake nyingine
na programu ikajikumbuka yenyewe.
Kimoja kati ya vinne vile kilikuwa 1,417.

Kikashuka. Kikapimwa. Kikawaka.

Nikatafuta kilimo ndani yake:
somo la ishirini na mbili, katikati ya sentensi.
Anakohoa. Anasema, "Subirini kidogo, treni ipite."
Kisha treni ya Mpanda, sekunde kumi na moja,
behewa baada ya behewa,
na yeye kimya, anasubiri.
Ndicho kipande chenyewe. Hakuna kemia humo.

Mgeni wa vinne sasa ana mia tisa, anavuta kwangu.
Kasanzu ana tabia ya kuzima kila taa anayoikuta.
Nimebandika karatasi juu ya soketi, kwa kalamu nyekundu:
USIZIME. KUNA MTU ANACHUKUA.